Njia ya Ziwa la Juu

3 Februari

Mdogo wangu Miguu,

Hujambo huko kwenye mashine zako? Sisi tupo, isipokuwa mama, habari zake utazikuta chini. Kwanza nicheke kidogo: juzi nimekuta picha yako ukiwa na miaka kumi, suruali imeishia magotini na miguu bado inaendelea. Jina lako ulilistahili.

Sasa kazi. Ofisi yetu ya wageni inataka kutoa kijitabu cha mahali pa kutembelea kuzunguka mji: maporomoko, pango la popo, msitu wa mianzi, jabali la kutazamia, na ziwa la juu. Mkuu wangu akasema, wewe ni binti wa aliyekuwa mkuu wa viongozi wa wageni mlimani, andika. Nikaandika "maporomoko ni mazuri sana", kalamu ikagoma hapo. Mimi ni mtu wa dawatini. Aliyekuwa akipanda na baba ni wewe. Niandikie njia zote tano kwa maneno yako, mimi nitazinyoosha.

Kuhusu mama: moyo umechoka. Akipanda ngazi tatu za baraza anatafuta pumzi kama aliyetoka kukimbizwa. Halalamiki, unamjua. Anakuulizia kila wiki. Miaka tisa tangu tumzike baba, na miaka tisa hujakanyaga hapa. Sikugombezi, nataja tu.

Dada yako


20 Februari

Dada yangu,

Barua imefika, na picha hiyo ichome moto. Mimi mzima. Siku nzima nailisha mashine ya pasi mashuka ya hoteli, yanatokea upande wa pili yamenyooka kuliko maisha ya anayeyalisha. Mpe mama pole zangu, mwambie apande ngazi moja moja, hakuna anayemfukuza.

Haya, andika.

Maporomoko: saa moja kutoka sokoni kwa mwendo wa mgeni, kwangu mimi dakika ishirini na tano. Wasisimame juu ya jiwe jeusi hata likionekana kavu. Halijawahi kukauka tangu dunia iumbwe. Anayetaka picha apigie kwenye mti ulioinama, atalowa mgongo tu.

Pango: waingie wamefunga midomo. Popo hawana adabu.

Msitu wa mianzi: waende asubuhi. Mianzi inagongana kule juu kama mtu anayepanga vyombo jikoni. Wageni hunyamaza wenyewe pale, hata mke na mume waliokuja wakibishana tangu stendi.

Jabali: unauona mji wote, mpaka paa letu na kiraka chake chekundu. Baba alikuwa akiwaonyesha watu, "Ile pale ndiyo ikulu yangu," na walikuwa wakimwamini kwa dakika nzima.

Ziwa la juu liacheni. Njia ni mbaya, na sehemu nne zinatosha.

Mdogo wako


9 Machi

Miguu,

U mzima? Mkuu wangu alisoma habari za popo akacheka mpaka akavua miwani. Lakini anasema ziwa haliachiki, kila mgeni analiulizia.

Si hilo lililonikalisha kuandika. Juzi nilikuwa namsugua mama mgongo, akaanza kulia, akaniambia jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu. Asubuhi ile ya mwisho waligombana na baba kwa sababu ya paa linalovuja. Mama akamwambia, "Nenda basi kwenye mlima wako, ukakae hukohuko." Baba akatoka. Siku hiyo hakuwa na wageni wa kupandisha, hakuwa na sababu ya kwenda ziwani. Kwa hiyo mama anaamini alipanda kwa uchungu wa maneno yale, ukungu ukamkuta, akateleza. Miaka tisa anaamini amemuua mumewe kwa mdomo wake. Ndiyo maana alikigeuza kitanda kisitazame mlima. Mimi nilidhani ni jua linamsumbua.

Nilimwambia si kweli, akaniuliza, "Wewe umejuaje?" Lakini wewe ulikuwa mlimani siku ile. Ulimwona baba? Alikuwa na hasira? Kama una neno lolote la kumtua mama mzigo huu, niandikie upesi. Daktari hazungumzii tena miaka, anazungumzia miezi.

Dada yako


30 Mei

Dada,

Nisamehe kwa kimya hiki. Naomba barua iwakute mnapumua vizuri, mama hasa. Nimeiandika mara sita na kuichana.

Baba hakuwa na hasira. Alikwenda kunitafuta mimi.

Wewe hukupanda, kwa hiyo nikueleze jinsi viongozi tulivyokuwa tukifanya. Pale njia panda ya kwenda ziwani pana jiwe bapa. Kila kiongozi ana kokoto lake lililopakwa rangi yake. Ukipanda unaliweka juu ya jiwe bapa, ukishuka unaliondoa. Jioni mkuu wa viongozi anapita pale. Akikuta kokoto, anajua mwenyewe bado yuko juu, na lango la mlima halifungwi mpaka apatikane.

Siku ile niliwapeleka wageni wawili ziwani. Tukishuka wakataka kuyaona maporomoko, nikawapitisha njia ya mkato, ambayo haifiki njia panda. Kokoto langu likabaki juu ya jiwe. Sikusahau, dada, nilijua kabisa. Nikasema nitarudi kuliondoa baadaye, nikakaa nao mkahawani tukinywa chai, wakinisifu kwa mwendo wangu, nami nikavimba kichwa. Ukungu ukashuka. Nilipokimbilia njia panda nikakuta makokoto mawili: langu, na la baba kando yake.

Nikalichukua langu nikalitia mfukoni. Ndipo nikapiga kelele kwamba baba yuko juu. Nilitafuta pamoja na watu siku mbili, na kila aliyeniuliza kwa nini alipanda nilimjibu, sijui.

Basi mama hana kosa hata chembe. Lakini nakuomba usimwambie. Nitakuja nimwambie mwenyewe, kwa mdomo wangu, nimepiga magoti. Likizo yangu ni Julai.

Mdogo wako


12 Juni

Mdogo wangu,

Leo sikuulizi hali. Barua yako niliisomea ofisini, nikafunga dirisha la wageni, nikakaa sakafuni.

Nina hasira na wewe. Si kwa kokoto. Ulikuwa na miaka kumi na tisa, na kila kijana wa miaka kumi na tisa ana "nitafanya baadaye" yake. Nina hasira kwa ile "sijui" yako. Mama ameishi ndani ya neno hilo miaka tisa.

Jioni nilimlisha uji huku ulimi ukiniwasha. Nilikaribia kusema, nikamfuta mdomo. Umeniomba, na naona ni haki yako kusema mwenyewe, na yeye ana haki ya kuyasikia kutoka kwako. Nitangoja Julai. Usiipitishe. Nimemwambia tu kwamba unakuja, akaniomba nimsuke, asije akakutisha kwa nywele zake.

Dada yako


28 Julai

Dada yangu mpenzi,

Hamjambo? Mama anaendeleaje? Likizo imesogezwa. Mashine moja imeharibika, wenzangu wawili wanaumwa, msimamizi amesema mpaka Septemba. Ningeweza kubishana naye, sikubishana. Nikuambie kweli: Jumamosi nilifika stendi na begi langu. Basi likaja, likajaa, likaondoka, nami nimekaa palepale kwenye benchi. Nauona uso wake, dada, namna utakavyobadilika nikishasema. Wahenga walisema kawia ufike. Septemba nitafika.

Kwa sasa pokea njia ya ziwa, kwa ajili ya kijitabu. Kutoka njia panda washike kushoto, wapande saa mbili, wapumzike mara tatu bila aibu. Maji ni meusi asubuhi na ya kijani mchana, na hakuna ndege anayelia pale. Mgeni akae, ale alichobeba, aangalie. Ukungu ukianza kugusa miamba ya ng'ambo, ashuke hapohapo, asingoje mtu.

Mdogo wako


6 Septemba

Miguu,

Mama amefariki. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, hospitali ya hapa mjini, kitanda cha pili kutoka mlangoni. Alhamisi tumemzika kando ya baba. Ningeweza kupiga simu kiwandani kwenu. Sikutaka kuisikia sauti yako.

Uliniandikia kawia ufike. Wahenga haohao walisema ngojangoja huumiza matumbo. Agosti nzima aliniuliza, "Amepanda basi?" nami nikimjibu yuko njiani, mpaka nikaona haya kuingia wodini. Wiki ya mwisho akawa anaomba msamaha, si kwa Mungu wala kwangu, kwa baba, kwa sauti, mbele ya wauguzi na wagonjwa wenzake. Kijitabu kilitoka wiki hiyohiyo. Ziwa limo, kwa maneno yako, sikuyagusa. Sikuwa na nguvu ya kumwonyesha.

Jumanne nikashindwa, nikaivunja ahadi niliyokupa. Nilimshika mkono nikamsimulia yote, tangu wageni wako wawili hadi mfukoni mwako. Nilisema polepole, kwa sababu pumzi yake ilikuwa ndogo na nilitaka kila neno limfikie. Mwisho nikamwambia, "Kwa hiyo hukumuua, mama. Hakuwa amekukasirikia. Alikuwa kazini." Alikuwa amefumba macho, nikadhani anasikiliza. Muuguzi akaja kumpima mapigo, akanitazama, akanishika bega.

Sijui alisikia mpaka wapi. Pengine alisikia lote. Pengine aliishia pale niliposema, "Mama, nina habari za baba." Nawaza hilo nikiamka na nikilala. Wala sitakutupia lawama wewe peke yako, maana mimi pia nilikuwa na mdomo. Siku themanini na kitu nilikaa kando ya kitanda nikikulindia haki yako ya kusema, na yeye akifa kidogo kidogo kwa kosa ambalo si lake. Haki gani ile.

Usidhani sikupendi. Nakupenda, ndiyo maana inaniuma hivi. Kuhusu kusamehe, usiniulize mwaka huu.

Likizo yako ikitoka, uje. Na ukiona vigumu, panda basi la baadaye, au la baada ya hilo. Huna haja ya kuharakisha tena. Uliyekuwa ukiogopa kumwambia hayupo.

Dada yako