Mmarekani Nyuma ya Goli Langu

Stockholm, Mei

Mjomba Salimu, shikamoo.

Picha ya mbele ya kadi hii usiitazame sana. Hilo kasri sina habari nalo, nimekasirika. Jumapili sisi wanafunzi wa Afrika Mashariki tulicheza na wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha Jordbro, nje ya mji. Golini nilikuwa mimi, vidole vimekufa kwa baridi. Nyuma ya wavu alisimama jirani yangu Mmarekani, aliyekimbilia huku asipelekwe vitani Vietnam. Zimebaki dakika kumi, akaniuliza, "Samahani, bado sufuri kwa sufuri? Na watu hawaendi nyumbani?" Akaendelea: kwao viwanja hujaa kwa mchezo wa kupiga kijipira kwa rungu, na ule wa wanaume wenye helmeti kugongana. Huu wetu huachiwa watoto wa shule na wageni.

Mjomba, wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba kipa hana masikio. Pale Tanga wametukana ukoo mzima nyuma ya goli langu, hadi marehemu babu, wala sikugeuka. Huyu hakutukana. Alisema kwa upole, kama ananionea huruma, na hilo ndilo lililonichoma. Nikamgeukia nimpe vidonge vyake.

Mpira ukanipita mgongoni.

Wenzangu wote wakashika vichwa. Akapiga makofi yeye: "Sasa huu ndio mchezo!"

Mungu akuweke, mjomba. Nisalimie mtaa mzima, na wakiuliza matokeo, waambie mechi iliahirishwa kwa theluji.

Mpwa wako,
Idi