Mlango wa Mavyaa Hotelini

Kibokoni, Mombasa
Mfunguo Mosi, 1995

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Goti lako linasemaje? Mtu wa lori aliyeniletea salamu zako kutoka Mumias aliniambia alikukuta umetoka mtoni na ndoo kichwani. Nikafurahi, halafu nikakasirika, kwa sababu watoto wa Musa wana miguu. Waambie nimesema mimi shangazi yao.

Huku sote wazima. Salma amefunga Ramadhani yake ya kwanza na anatembea kama kadhi. Twalibu hafungi chochote, hata mdomo. Rehema anaota meno, na usiku hatulali. Nimechoka mama, sikufichi, lakini si uchovu wa ugonjwa. Ni wa nyumba yenye watu.

Barua yako ilinifika Idi ikikaribia. Ulinikemea kwa ile habari ya hoteli niliyokuandikia. Uliandika kwamba mke hamfungii mavyaa wake, mama wa mumewe, mlango siku ya Idi akaenda kulala hoteli, na kwamba hukunilea hivyo. Niliisoma, nikaikunja, nikaiweka chini ya godoro, na kila nikilala nikaihisi. Sasa nakusimulia yote, ujue ilivyokuwa.

Tajiri wa Baba Salma, yule mwenye ghala Mbaraki, ni Bohora, Mwislamu wa Kihindi, na ni mtu mwema. Mwaka huu aliwaambia wafanyakazi wake wa zamani kwamba badala ya kitambaa cha kanzu atawapa mapumziko kwenye hoteli ya ufuoni, ng'ambo ya daraja, na chakula juu yake. Baba Salma akaambiwa aje na mamake pia. Sasa, Mabohora hawangoji mwezi. Wana kalenda yao, na Idi yao wanaijua tangu mwaka jana. Yeye Idi yake ilikuwa Alhamisi, akahesabu kwamba sisi tutasali Ijumaa asubuhi, mchana tuingie hotelini mpaka Jumapili. Hiyo ni hesabu ya mtu asiyewahi kupanda darini akapinda shingo kutafuta mwezi mwandamo. Na sisi tukaikubali bila kufikiri. Mimi nilivyochoka, hata angeniambia chumba kiko kaburini ningeuliza kama kina kitanda.

Alhamisi magharibi watu wakajaa madarini na kando ya ngome, mwezi usionekane. Redio ikasema tufunge kesho. Basi Idi ikawa Jumamosi, na chumba chetu ni cha Ijumaa, hoteli imejaa, hakisogezwi.

Hapo ndipo palipokuwa na taabu yangu. Nyumba yetu unaijua kwa nilivyokueleza: mavyaa chini, sisi juu. Tangu mzee afariki, mavyaa hajafunga mlango wake asubuhi ya Idi. Watu wakitoka msikitini, mlango unakuwa wazi, mtaa mzima unapita, mkubwa na mdogo, kila mtu anywe kahawa, aonje halwa, watoto wapewe mkono wa Idi. Mlango uliofungwa siku hiyo ni wa nyumba yenye msiba au yenye ugomvi. Na kama ni ugomvi, mama, atakayetajwa ni nani? Ni mke wa bara.

"Nendeni nyinyi," mavyaa akasema. "Mimi nabaki na mlango wangu."

"Utamimina kahawa na mkono huo?" Baba Salma akamuuliza. Mkono wake wa kulia una ganzi, kikombe hakikai.

"Nitamimina kwa wa kushoto."

"Kahawa ya mkono wa kushoto, mama, siku ya Idi? Hapo ndipo utasemwa mpaka Idi nyingine."

"Basi."

"Basi hatuendi," Baba Salma akasema. "Tubaki sote."

Wote wawili wakanigeukia mimi, kama kwamba mwezi nimeuficha mimi. Nilikuwa nimekaa chini, Rehema ananyonya, vidole vinanuka vitunguu vya mwezi mzima. Nikaona nikinyamaza nitamimina kahawa asubuhi, nitaosha vikombe jioni, na ile hoteli nitahadithiwa na wengine. Nikasema kwa adabu, lakini nikasema. "Mama, mlango huja na mwenyewe. Tutauchukua twende nao."

"Mlango unachukuliwa?"

"Tuchukue dele, na vikombe, na halwa. Mbao zibaki."

Akainuka akaenda kulala. Lakini Ijumaa asubuhi nilimwona akilizungushia leso lile dele lake la shaba, birika la kahawa la mamake, kama anamvisha mtoto.

Tukafika hotelini saa ya chakula cha mchana, sisi wakubwa na Salma na saumu zetu. Mama, meza kutoka huku mpaka kule, kuku, kamba, matunda yamechongwa kama maua. Salma akasimama mbele ya papai, akaniuliza kama kutazama kunavunja saumu. Mhudumu mmoja, Bakari, akamsikia. "Ingekuwa kunavunja, mwanangu," akasema, "mimi mwezi huu nisingekuwa na saumu hata moja." Kumbe naye amefunga, anawapakulia watu. Magharibi alituletea tende na uji wa pilipili manga barazani kwetu kabla meza hazijafunguliwa. Usiku nikalala kwenye kitanda nilichotandikiwa na mtu mwingine. Sijui kama uliwahi kukilalia kitanda cha namna hiyo. Nilitaka kulia.

Lakini asubuhi ya Idi furaha ikanitoka. Baba Salma na Twalibu walikwenda kusali msikiti wa barabarani wakarudi. Mavyaa ameshaoga, amevaa, amejifukiza udi, amekaa ukingoni mwa kitanda, uso ukutani. Tambi nilizompa hakuzigusa.

"Saa hizi wanausukuma mlango," akasema. "Wanaukuta na kufuli."

Mama, barua yako nilikuwa nimeiacha chini ya godoro Kibokoni, lakini niliihisi mgongoni palepale.

Sikubishana. Nikaufungua mlango wa chumba wazi kabisa, nikauzuia kwa kiti. Nikatandika mkeka barazani, nikaomba makaa kwa Bakari kwenye jiko lao la kuchomea samaki, nikateleka kahawa. Nikamshika mavyaa mkono nikamketisha. Tukangoja. Wakapita Wazungu na mataulo. Mmoja, mzee mwekundu kwa jua, akadhani ni duka. Akaonyesha halwa, akatoa pesa.

"Mwambie haiuzwi," mavyaa akasema. "Mwambie akae."

Akakaa, miguu inamgomea kukunjika. Akala halwa, akalamba vidole, akashukuru, akaenda zake. Mavyaa akamtazama mpaka akapotea.

"Mtaa umebadilika," akasema. Hakucheka, lakini niliuona mdomo ukitetemeka.

Kisha akapita dada anayesafisha vyumba, Mbeyu jina lake, na mafagio yake.

"Idi njema, mwanangu. Njoo unywe kahawa."

"Mimi si Mwislamu, bibi. Mimi ni Mkristo, kwetu Kaloleni."

"Nimekuuliza dini? Nimesema njoo unywe kahawa."

Akaangalia huku na huku, akakaa. Akaionja kahawa ya tangawizi, akasema angejua angemwambia na Bakari, na mlinzi, na watu wa bustani, maana hoteli imejaa na hakuna aliyepewa ruhusa ya kwenda kwao Idi hii.

"Mama zao wako wapi?"

"Mbali, bibi. Mmoja Lamu, mmoja Vanga huko."

Mavyaa akajiweka sawa, akaivuta leso kichwani. "Basi waambie mlango uko wazi."

Wakaja mmoja mmoja, wanaibia kazi. Viatu vikajipanga njiani mpaka kwenye maua. Mimi namimina, mavyaa anauliza kila mtu ni mwana wa nani, na kila ukoo anautafutia mtu anayemjua. Mtunza bustani mmoja, mzee wa mvi, akapewa sarafu ya mkono wa Idi kama watoto.

"Bibi, mimi nina wajukuu," akasema.

"Una mama?"

"Alikufa zamani."

"Basi pokea. Leo ni mimi."

Akaipokea kwa mikono miwili. Akainama akanusa kahawa.

Baadaye msimamizi akaja na tai yake na uso wa kazi. Mbeyu akainuka kushika mafagio yake. Mavyaa akamnyooshea kikombe, kwa ule mkono wa kulia, mimi nimeushika chini ya kiwiko. Akakinywa amesimama, mpaka masimbi ya chini. Akasema, "Viatu tu, bibi, visogee pembeni, wageni wanajikwaa." Akavisogeza mwenyewe kwa mguu.

Adhuhuri mavyaa akamwambia Mbeyu apokee dele, akanigeukia. "Aziza, umechoka. Nenda kaguse maji."

Nikaingia baharini na dera langu, Salma mkononi. Mama, bahari si kama mto wetu Nzoia, ambao una safari zake na hauna haja na mtu. Hii inakujia miguuni kama mbuzi anayetaka chumvi, unaifukuza, inarudi. Nilikaa ndani yake mpaka vidole vikajikunja. Hakuna aliyeniita.

Jumapili tukarudi Kibokoni. Bi. Nuru, jirani wa mbele, alikuwa ametuwekea sahani zetu za Idi, zile walizoleta watu wakakuta kufuli. Akatoka na sahani na maswali pamoja.

"Mbona mlango ulifungwa? Tuliogopa. Kuna nini?"

Nikajua saa yangu imefika. Nikamtua Rehema nijibu. Mavyaa akanikata njiani.

"Wewe panda juu ukalale," akaniambia. "Sahani hizi hazirudi tupu, lakini hutapika wewe leo. Mlango ninao mimi."

Nikapanda. Nililala hadi alasiri imekwisha. Kilichoniamsha ni kicheko cha watu huko chini. Nikajisogeza ngazini na mtoto begani, nikasikiliza. Mavyaa anawasimulia habari za mzee mwekundu na halwa, na viatu, na msimamizi. Kisha akasema, kwa sauti ile ya kutoa hukumu:

"Mkwe wangu alitaka kulia, maskini. Mimi nikamwambia, mwanangu, mlango huja na mwenyewe."

Nikarudi kitandani. Nimemwachia, mama. Maneno hayo yamekaa vizuri zaidi kinywani mwake, na mtaa mzima sasa unayasema.

Nisalimie baba, na umwambie asivue koti asubuhi. Msalimie kaka Musa na mkewe, hongera zao za mtoto. Shangazi Mariamu mwambie ile leso aliyoniagiza nimeiona, nangoja mtu wa kuaminika. Bibi mbusu mikono kwa ajili yangu. Humu ndani nimeweka halwa kidogo kwenye karatasi ya mafuta. Imepondeka, lakini ni ya Idi ileile. Usimpe kila mtu. Kula wewe kwanza, mlango ukiwa wazi.

Ni mimi mwanao uliyenilea vizuri,
Aziza, Mama Salma