Mabati ya Zipora

Jumatatu, 3 Septemba 1951
Itangazwe kwa wote wanaohusika, yaani mimi: nyumba yangu mimi Masele, mtaa wa Ngokolo, leo imepata komeo. Mlango bado. Ukuta wa kutilia mlango nao umelala. Bartholomeo fundi cherehani aliniuzia kwa bei ya kutupa, akapanda lori la Geita siku ile ile. Sasa najua haraka ilikuwa ya nini — mchwa!

Jumamosi, 8 Septemba
Nimeomba mabati kwa mkopo. Mwenye duka: bila barua ya Bwana Shauri, mzungu wa wilaya, hakopeshi Mwafrika hata msumari. Kwa Bwana Shauri: wewe karani wa mizani ya pamba, mshahara mdogo, rudi mwakani. Nimerudi kwa shemeji, tunakolala sita chumba kimoja. Mgongo!

Jumapili, 16 Septemba
Binti yetu Zipora ameolewa na Mageni. Mahari ng'ombe kumi. Baba yake Mageni, mzee Bujiku, aliwapapasa mmoja mmoja kama anayeaga maiti. Mama Zipora kanionya: hao ng'ombe ni wa kumwoza kaka yake Zipora, usiwaguse. Nimesema sitawagusa.

Jumatano, 19 Septemba
Sikuwagusa. Dalali wa mnada ndiye aliyewagusa. Fedha yao imenunua mabati thelathini, yameng'olewa kwenye mgodi uliofungwa, yana matundu ya misumari ya watu wengine. Mama Zipora hasemi nami. Ugali unatua mezani kwa kishindo.

Jumamosi, 20 Oktoba
Tumehamia. Mama Zipora katazama juu kitambo. "Ng'ombe wako wanang'aa." Maneno ya kwanza mwezi mzima. Nimelala mchana kutwa.

Ijumaa, 2 Novemba
Zipora amerudi. Na sanduku. Kapandisha mkono wa gauni — nimeona. Mama yake anamkanda kwa maji ya moto. Nikaanza: lakini mwanangu, ng'ombe... Akauliza, "Baba, nirudi?" Nikamwonyesha chumba kisichovuja.

Jumapili, 4 Novemba
Bujiku amekuja asubuhi. Salamu ndefu, maji akanywa. "Mkwe, mimi si mgomvi. Mke, au ng'ombe." Nikasema mke hatoki humu. "Na ng'ombe?" Mama Zipora, ambaye angenimaliza kwa neno moja, akajibu yeye: "Wapo, mzee. Tazama juu."
Bujiku akatazama. Akahesabu kwa kidole, taratibu, mpaka thelathini. Kisha upya.
Naandika chumbani, yeye bado yuko uani. Wingu limejikusanya. Mageni hakuingia. Yuko nje ya ua, ameshika ngazi.