Sakoshi ya Mama Mwansa

Lubumbashi, kartie Bel-Air

Mama yangu mupenzi,

Naomba hii barua ikukute umekaa ku mulango ya jikoni, miguu ku jua, vile nilikuacha. Magoti iko namna gani? Ile dawa ya kupakaa nilituma na shofere wa kamyo ya samaki, ilifika ao alijipakaa yeye mwenyewe? Sisi huku tuko bazima. Muke yangu anakusalimia. Tumbo yake imekuwa kubwa, na kama ni mutoto mwanamuke, jina ni yako, tulishaacha kubishana. Mvua inanyesha kila siku. Siku ya salongo, ile kazi ya kartie yote, tunatosha matope mu mifereji, kesho yake matope inarudi, na sisi tunarudi.

Nilisikia katekista alihamia Pweto, na sasa ni mukubwa wangu, Yaya Mumba, njo anakusomeaka barua. Ni muzuri. Yaya alisoma kunipita, na sauti iko nayo. Naandika polepole, herufi kubwa, asikose hata neno moja.

Balikuambia kama nimekonda. Ni kweli, na si njaa. Nitakueleza tangu mwanzo, Mama, na unisamehe, juu kuko uwongo yangu ndani.

Nilikuambiaka niko mu biro ya mashua. Siko mu biro. Niko inje, ku baraza, na meza yangu. Bantu ba kampani bakipata konje, siku zao za kupumzika, banaingia mu biro kulipa safari: kamyo mpaka Kasenga, kisha mashua mpaka kwetu Kilwa na mbele. Bakitoka, njo mi nabakamata. Nabauzishia matembezi. Mashua ikiwa Kilwa inashusha mizigo, Yaya Mumba anabapakia mu bwato yake, anabapeleka ku kile kisiwa cha ndege, banakula samaki ya moto, banarudi mbele ya mashua kuondoka. Mi nauzisha, Yaya anabeba. Mashua nayo iko na matembezi yake, bei ya juu, na bantu ba ile inabangojaka mpaka mutu wa mwisho. Bale ba kwangu, kapiteni habajui. Anapiga honi mara tatu, anaenda.

Lakini mi nilivaa abakosti, koti sawa ya mukubwa wa biro. Na muhuri nilichongesha mu soli ya kiatu, picha ya mashua katikati, na mutu akiiona ku tike, ku karatasi yake ya safari, anazania ni mashua yenyewe njo inamuuzishia. Nilikuwa najisifu sana juu ya ule muhuri.

Sasa miezi mbili imepita. Mama mumoja wa huku Bel-Air, jina lake Mama Mwansa, mujane, muzee kama wewe, alikuja ku meza yangu na sakoshi nyeusi, mukoba wake, ku mukono. Baba yake alikuwa muvuvi, alizikwa ku ile kisiwa, na yeye hakufika ku kaburi tangu alipoolewa. Alitaka tu kung'oa majani. Akaniuliza, "Mwanangu, nikichelewa, mashua itaningoja?" Mama, hakuna mutu mwingine alishaka kuniuliza vile. Nilijua jibu. Nikamwambia, "Usiogope, mama. Mi na mashua ni kitu moja tu." Akafunga tike mu kona ya kitenge yake, akanibariki, akaenda.

Bantu sita njo niliuzishia ile safari. Nyuma ya juma moja shofere akaniletea maneno ya Yaya: "Bote sita nilibarudisha ku mashua." Na kitunga ya samaki ya kukausha, minono. Tulisonga bukari, tukakula nayo siku tatu. Nikamusifu Yaya mbele ya bajirani.

Kisha mashua ikarudi, na karani wa biro akatoka na sakoshi nyeusi, akaiweka ku meza yangu. "Hii ilibakia ku mashua," akasema. "Mwenyewe alishuka Kilwa na tike yako. Ni mutu wako."

Siku ya tatu binti yake akafika, Chola, mwanamuke mupole. Nikamupa sakoshi. Akarudisha mikono nyuma. Akaniambia, "Citoyen, nikiibeba, nimekubali kama mama amekufa. Nikimulilia na yeye iko muzima, nimemuzika na mudomo yangu. Na kama amekufa na simulilii, mi ni mutoto gani? Uniambie tu: tulie ao tusilie?" Tangu ile siku anakuja kila juma, swali ni ile ile. Kwao bajomba bamegawanyika: bamoja banataka kilio ianze, bengine banakataza hata kuweka mukeka inje. Mi namuambia, "Ngoja, natafuta habari." Ananishukuru, Mama. Njo inaniumiza, vile ananishukuru.

Nikaenda kumutafuta mumoja wa bale sita, mwalimu. Hakutaka kunitazama. Akasema, "Tulirudi batano. Upepo ilianza, na mama muzee alikuwa angali ku kaburi. Ndugu yako akasema atarudia kumuchukua akishatufikisha sisi. Fasi yake mu bwato akaweka bitunga bya samaki, bya kuuzisha ku mashua. Tukapanda. Honi ya tatu ikalia, mashua ikaenda. Kama alimurudia, sijui." Akanyamaza. Kisha akasema, "Na mi nilinyamaza pale, sawa hivi."

Bitunga bya samaki, Mama. Kimoja njo tulikula.

Sakoshi iko ku musumari, nyuma ya mulango yetu. Sijaifungua. Muke yangu anasema inanuka moshi ya samaki; nilimwambia ni nyumba, na hatujaweka samaki ku moto tangu pale. Siku moja alikuwa anapepeta unga, akasimama, akaniuliza polepole, "Ile samaki ya Yaya ilikaa ku fasi ya nani?" Akaendelea kupepeta.

Na kila siku saa nane mchana sirene ya kampani inalia, bantu ba poste ingine baingie kazi. Zamani hata sikuisikia. Sasa ikilia mara ya kwanza, naanza kuhesabu, sawa honi ya mashua. Ikilia tena, namuona kati ya bantu benye kutoka mu biro, amesimama, kona ya kitenge mu mukono, sawa mutu mwenye anangoja zamu yake. Hanikasirikii. Anangoja tu. Bantu banapita kando yake, na yeye hasogei. Muhuri nilishatupa mu choo, siuzishi tena kitu, lakini kila asubui naenda tu kukaa ku ile meza tupu. Kama anarudi kweli, ni pale atanitafuta. Naogopa, Mama. Naogopa arudi, na naogopa asirudi.

Yaya Mumba, sasa ni wewe. Najua kama unasoma na sauti, na kama Mama iko karibu yako. Usiruke mustari. Mama, kama amenyamaza hapa, umuambie aendelee, na umutazame ku uso.

Yaya, sikushitaki. Uwongo ya kwanza ni yangu, mi njo nilisema ni kitu moja. Ya pili ni yako, ulisema bote sita. Nauliza neno moja tu, na ujibu mbele ya yule alituzaa: ulimurudia? Kama ulimurudia na ukamukuta, iko wapi? Kama hukumukuta, sema. Kama hukurudi, sema vile vile, na kesho upeleke bwato ku kisiwa, utafute pale ku kaburi ya baba yake. Umupatie shofere jibu, nimupelekee Chola, ajue kama analia.

Munisalimie shangazi mwenye kuuzisha chumvi, na mujomba mushona nyavu, kikohozi yake imepona? Mumusalimie muke wa Yaya na batoto bote. Na kama kule kwa bavuvi kuko mama muzee mumoja, mugeni, kona ya kitenge imefungwa, mumusalimie kuliko bote. Mumuambie sakoshi yake iko salama. Hakuna mutu ameifungua.

Ni mi mutoto yako, wa tumbo moja na ule anakusomea,

Kalaba