Sigara ya Mzee Okidi

Travis, usipige simu. Niko chooni kwa kina Lamwaka hapa Lubaga na sitoki leo.

Nilikuja kujitambulisha kama mchumba kwa baba yake, Mzee Okidi, yule afande mstaafu. Akanipa sigara ya Kuba, nene kama kidole gumba. "Hizi unazijua?" Nikasema nazijua. Sijui kwa nini nilisema nazijua.

Nikaivuta kama sigara ya kawaida. Moshi wote nikaumeza.

Mzee akauliza nasikia ladha gani. Nikamwambia ngozi, kahawa, na pilipili kwa mbali. Hayo niliyakariri YouTube jana.

Akasema, "Mimi nasikia tumbaku."

Halafu nikasimama kutafuta hewa. Nikaanguka, Travis, mapajani kwa mama mkwe. Mama mkwe, ambaye kwa mila hata mkono simpi. Nimelala pale, mzee anaendelea kuvuta yake.

"Hii ni nzito," akasema. Basi.

Sasa hivi Lamwaka amegonga mlango. Anasema baba amenikubali. Mama anataka mbuzi wa kuondoa hilo kosa.

Mbuzi tutamla Jumamosi. Mzee ameniwekea ile nusu ya sigara iliyobaki.