Mikono Ilipotulia Mapajani

Bariadi, Jumamosi. Mvua ya asubuhi imekatika na watu wamekwisha kurudi kwenye mashamba ya pamba.

Niwieni radhi, wasomaji wangu, kwa kunyamaza hapa muda mrefu. Sikuwa safarini wala sikuwa na kazi nyingi.

Niliogopa.

Mkono wangu wa kulia ulianza kutetemeka. Chai ilimwagika, nikalaumu kikombe. Kisha wa kushoto nao ukaanza.

Maisha yangu yote ya kazi nimekuza seli shina maabarani, yaani seli changa ambazo bado hazijapewa kazi mwilini, na kuzielekeza ziwe seli za ubongo. Tulitafuta namna ya kuziba pengo la zile zinazokufa kwa wagonjwa wa Parkinson, ambao hutetemeka na kukakamaa hadi kujigeuza kitandani kunawashinda. Kwa hiyo niliamini najua kinachonijia. Chuo kimoja binafsi, miongoni mwa vilivyochipuka tangu serikali ilegeze masharti ya kufungua vyuo, kiliponiomba nikaanzishe maabara ya seli Mwanza, sikujibu.

Mke wangu, Milembe, hakunibembeleza.

“Baba Masanja, kama umeamua kufa, nenda kwanza kwa daktari akuthibitishie.”

Juzi tulikwenda Mwanza. Daktari, binti wa umri wa kitinda mimba wetu, aliniamkia kwa adabu, kisha akaanza kuniamuru.

“Mzee, weka mikono mapajani. Ilegeze.”

Ikatulia kabisa.

“Sasa shika kikombe hiki.”

Ikatetemeka. Akanikunja viwiko, akanitembeza huku na huku, akatabasamu.

“Huu si ule ugonjwa unaouogopa. Ule kwa kawaida huanza mkono ukiwa umepumzika. Wako unatetemeka ukiutumia. Utakusumbua, lakini hautakulaza.”

Nimezitazama seli za ubongo kwa darubini tangu ujana wangu. Mgonjwa mwenyewe sikuwahi kumshika mkono.

“Profesa mzima!” Milembe alicheka hadi nje. “Kumbe nimekulisha uji kwa kijiko bure?”

Usiku ule nililala usingizi ambao nilikuwa nimeusahau.

Sasa limebaki lile ombi la chuo. Kazi ya mikono wataifanya vijana, nami nitasimama nyuma yao nikiwasahihisha. Au nitawekwa pale kama pambo? Milembe naye hataki kuiacha mifugo yetu ya kijijini Sapiwi. Kesho baada ya ibada tutakaa tulizungumze. Sitaandika neno hapa kabla ya kuwapa wenye chuo jibu. Nikishawapa, mtalisoma, liwe ndiyo au hapana.