Miguu ya Cirhuza

Jumatatu, 17 Aprili 1972

Mkwe wangu Cirhuza, Mkongomani aliyekulia hapa kwetu, amerudi kutoka Bujumbura, uso umemshuka. Mkufunzi wake wa urubani, Mbelgiji, amemwambia: mikono mizuri, miguu mibaya. Akitakiwa kuelekeza pua ya ndege kulia, anakanyaga pedali ya kushoto. Atajaribiwa mara ya mwisho mwezi Mei. Akishindwa, basi.

Sababu ninaijua. Tangu utotoni ameshika usukani wa mtumbwi wa kuvulia ndagala, dagaa wetu wa ziwani, hapa Rumonge. Ukisukuma mkono wa usukani kushoto, mtumbwi huenda kulia. Mwili wake umezoea hivyo. Lakini ndege si mtumbwi!

Jumatano, 19 Aprili

Ametengeneza kiti cha mazoezi uani: sanduku la samaki, mbao mbili za kukanyaga, kamba, na ubao mrefu mbele, ndio pua. Mimi ninatoa amri. "Kulia!" — pua ikaenda kushoto. "Kulia, nimesema!" — kushoto tena. Binti yangu Kabibi alimcheka mumewe hadi akaketi chini.

Cirhuza: "Papa, kichwa iko inasikia. Muguu ndiyo inakataa."

Azzan mwenye duka alichungulia juu ya ua. "Mwalimu, mkweo anasafiri kwenda wapi? Tangu asubuhi hajafika hata Gitaza!"

Sikucheka. Tuliendelea mpaka jasho likamtoka.

Jumanne, 25 Aprili

Afadhali leo. Anakosea mara chache, na hujirekebisha kabla sijafungua kinywa.

Mji lakini — kimya kibaya. Sokoni ukikaribia, watu wanabadilisha mazungumzo. Hata Azzan hakutania. Alinivuta kando akaniambia tukivunje kile kiti: inasemekana Wakongomani wanajifunza kurusha ndege za vita nyumbani kwangu. Ndege za vita, kwa sanduku la samaki! Nilimjibu kwamba upuuzi haujibiwi. Aliondoka bila kuaga.

Jumapili, 30 Aprili

Risasi tangu jana jioni. Watu wameuawa; inasemekana ni waasi waliotoka Kongo, lakini nani amemuua nani, kila mtu ana lake. Moshi milimani. Misa hakuna. Barabara ya Bujumbura imefungwa. Kabibi anataka tuvuke ziwa, lakini mitumbwi imezuiliwa ufukweni.

Nilimwamuru Cirhuza avunje kiti. Alikataa kwa adabu, macho chini: "Papa, mutihani iko karibu." Mtihani! Amefanya mazoezi peke yake mchana kutwa. Nilimtazama dirishani. Hakukosea hata mara moja.

Jumatano, 3 Mei

Wanajeshi wamekuja. Koplo alitusalimu "amahoro", yaani amani, kwa upole, kisha akakizunguka kiti. Cirhuza alimweleza kwamba anajifunza tu, bado hajui. "Bado haujui? Tutaona." Amekwenda kumleta mkubwa wake, mtu anayejua ndege, aje amjaribu kitini. Askari mmoja amebaki mlangoni.

Akikanyaga sawasawa, ni rubani wa waasi. Akikosea, huenda wakaamini kwamba ni mwanafunzi.

Nimemnong'oneza akosee, kama zamani. Amekaa kitini, tumejaribu kwa sauti ndogo. Kulia: pua imekwenda kulia. Kushoto: kushoto.

"Kosea, mwanangu!"

"Papa, muguu imekwisha kujua."

Kabibi amepiga magoti, amemshika vifundo vya miguu, anaivuta mwenyewe huku na huku. Ninaandika haya kabla hawajaingia. Gari limesimama nje. Kulia, nimesema tena. Pua imegeuka kulia, taratibu, bila kosa —